Siku yangu moja kwenye foleni ya kompaila ya Rust, nikiwa Nkuhungu Dodoma

Saa 12 na robo asubuhi, bado niko ndani ya blanketi maana baridi ya Dodoma mwezi wa saba na ule upepo wake sio mchezo, nashika simu naangalia foleni. Usiku kucha watu wa Marekani walikuwa wanaidhinisha kazi za wachangiaji, sa hivi zimejazana zaidi ya thelathini zinasubiri kuingia. Kwa asiyejua, Rust ni lugha ya programu, aliianzisha Graydon Hoare mwaka 2006 kama mradi wake binafsi, toleo la 1.0 likatoka Mei 2015, na kompaila yake, rustc, yani programu inayogeuza kodi (maandishi ya programu) kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kuendesha, kodi yake iko wazi, mtu yeyote popote alipo anaweza kutuma mabadiliko. Kila ombi la mabadiliko tunaliita PR. Mimi ni mmoja wa wanaozipitia na kuziingiza. Watu wanadhani kuingiza ni kubonyeza kitufe, kumbe hata hicho kitufe hatubonyezi, unaiandikia boti.

Boti, yani programu inayofanya kazi yenyewe ukishaiamrisha, inaitwa bors, na ile ya kwanza kabisa aliiandika Graydon mwenyewe. Inachukua PR, inaichanganya na kodi kuu ilivyo dakika hiyo, inapima ule mchanganyiko kwenye Linux, Windows, macOS na kwingine kibao, ikipita ndo inaingia, isipopita haiingii hata kama ameandika bingwa gani. Hapo kwenye mchanganyiko ndo utamu wote ulipo na ndo watu wengi hawapaelewi. Chukulia mtu mmoja kabadilisha jina la funksheni, yani kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina lake, kila sehemu inapotumika, na mwingine wiki hiyohiyo kaandika kipande kipya kinachoita lile jina la zamani. Kila PR peke yake inapita kijani kabisa, Git, programu inayotunza na kuunganisha kodi, nayo haioni ugomvi wowote maana hawajagusa mstari uleule, ila ukiziingiza zote mbili kompaila haijengeki, na kila atakayevuta kodi mpya asubuhi anakwama.

Shida ni mda. Kipimo kamili kinakula kama masaa matatu na boti inapima mzigo mmoja mmoja. 24 gawa kwa 3 unapata 8, yani siku nzima bila kulala PR nane tu, na zinazoidhinishwa kwa siku ni nyingi kuliko hapo. Ndo tukaja na rolapu: unachukua nane, tisa, kumi, unazifunga pamoja zinapimwa kama mzigo mmoja. Ni kama Noah za kwenda Kondoa, mnafika haraka na nauli ni nafuu, ila abiria mmoja akiwa na gunia la mkaa halina kibali wote mnasimamishwa pale kizuizini mpaka kieleweke.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kujua nani umpakie na nani.

Saa 1 nimeshakaa mezani na laptopu, chai ya tangawizi pembeni. Saa hizi ni nzuri kufunga rolapu, Marekani ni usiku na Ulaya ndo wanapiga mswaki. PR inaweza kuwa na lebo aliyoweka aliyeipitia: `rollup=always` ni zile za kurekebisha maelezo, herufi zilizokosewa, hazina madhara; `iffy` ni za kutilia shaka; `never` hairuhusiwi kupakiwa na wenzake, mara nyingi sababu inagusa kasi ya kompaila na tunataka ipimwe peke yake, la sivyo kasi ikishuka hutajua umlaumu nani. Zingine hazina lebo na hizo ndo nazisoma kwa jicho kali. Sio kwamba narudia kazi ya aliyeidhinisha, hapana, natafuta dalili. PR ikigusa `library/std/src/sys` moyo unashtuka kidogo kwa sababu humo mna vitu vya kila mfumo endeshi kivyake. Ikigusa linka, ile inayounganisha vipande vya programu vilivyokwisha kujengwa, nashtuka. Testi za dibaga, zile zinazoendesha gdb na lldb, programu za kutafutia makosa, nashtuka zaidi. Kanuni yangu mwenyewe, haijaandikwa popote, ni kwamba rolapu moja haibebi iffy mbili, maana ikianguka nataka mshukiwa awe mmoja. Kuna wenzangu wanapakia tu wanasema ikianguka imeanguka, mi siwezi, masaa matatu ya mashine na ya watu wote walioko nyuma kwenye foleni sio kitu cha kubahatisha.

Nikachagua tisa, mbili zikakataa kuungana kwa sababu ya mgongano wa kawaida wa mistari, zikabaki saba. Nikaandika `@bors r+ rollup=never p=5`, hiyo r+ ni kuidhinisha na p ni kipaumbele. Rolapu yenyewe inawekewa never kwa sababu hatutaki mtu apakie rolapu ndani ya rolapu.

Saa 3 kasoro nikatoka kuchota maji, nikakutana na mama mwenye nyumba anafagia vumbi ambalo upepo unalirudisha palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena huendi kazini?"

"Niko kazini mama, nasubiri majibu."

"Haya. Ya hospitali?"

Nikacheka nikamwambia ya kompyuta, akasema afadhali.

Saa 4 kamili simu ikalia. Rolapu imeanguka. Unafungua logi, yani kumbukumbu ya kipimo, ni maelfu ya mistari, unaenda chini unarudi juu, unatafuta neno `failed` la kwanza maana yale yanayofuata huwa ni matokeo tu. Imeanguka kwenye kazi ya i686, yani mashine ya biti 32. Testi iliyokataa ni ya ujumbe wa kosa: kompaila inapokokotoa thamani wakati wa kujenga programu na ikakuta kitu kibovu, inachapisha baiti zilizopo kwenye memori. Sasa pointa, yani anwani ya mahali kwenye memori, kwenye biti 64 ni baiti nane na kwenye biti 32 ni nne, kwa hiyo maandishi hayawezi kulingana. Tuna utaratibu wa hilo, testi unaiwekea alama `stderr-per-bitwidth` na inakuwa na faili mbili za majibu, moja ya 32 na moja ya 64. Mchangiaji kabadilisha ujumbe kwenye mashine yake ya biti 64, akasasisha faili moja, ile nyingine ikabaki na maneno ya zamani.

Na hana kosa kabisa, nataka nilisisitize hili. Unapofungua PR zinaendeshwa kazi chache tu ili kusevu mda, zile makumi zote zinakuja mwishoni kwa bors. Kwake kulikuwa kijani tupu. Kwa hiyo namna ya kumwambia ni muhimu kuliko hata urekebishaji wenyewe. Nikaandika `@bors r-` kumtoa foleni, nikaweka kiungo cha mstari wenyewe kwenye logi (sio logi nzima, kumtupia mtu logi nzima ni ukorofi), nikamwandikia amri ya kuendesha, `./x test tests/ui --target i686-unknown-linux-gnu --bless`, na sentensi moja kwamba hili linampata kila mtu. Nimeona wachangiaji wazuri wamepotea kwa sababu aliyewatoa foleni aliandika neno moja tu, "failed", na kiungo.

Iliyokuwa inafuata kwenye foleni ni PR moja ya never ya kuongeza kasi. Ningeweza kuipiku kwa kuweka rolapu mpya na kipaumbele cha juu, ila nikaiacha itangulie. Hizo za never zikipitwa kila siku na rolapu zinaozea kwenye foleni, zinagongana na kodi mpya, mwenye nayo anaunganisha upya mpaka anachoka. Nikafunga rolapu ya pili, sita zile zilizobaki na nyingine tatu, nikaipanga nyuma yake.

Saa 5 mpaka saa 7 ni kazi ya ugali. Nina mkataba wa kutengeneza mfumo wa stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, na shida ya leo ni kwamba nondo zinauzwa kwa kipande na zinanunuliwa kwa tani. Sitaingia huko. Saa 6 umeme ukakata, ila bors haijui habari za Nkuhungu, vipimo vinaendeshwa kwenye seva huko mbali na mimi kuiamrisha natumia hata simu yenye chaji ya asilimia kumi na bando la siku.

Saa 8 akaja dogo wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anachukua sayansi ya kompyuta, nilimwambia aje na PR yake ya kwanza. Tukala kwanza, ugali wa uwele na mlenda, akili ikakaa sawa.

"Kaka, mbona boti imenikataa hata kabla ya kujenga?"

"Imekukataa au tidy imekukataa?"

Ilikuwa tidy, kiprogramu chetu cha usafi, mstari ukizidi herufi 100 kinagoma, ukiacha nafasi tupu mwisho wa mstari kinagoma. Akasema hiyo ni roho mbaya. Nikamwambia subiri upitie kodi ya watu mia kila mmoja na mtindo wake ndo utaielewa hiyo roho mbaya.

Alichofanya ni kizuri kwa kweli, alichagua kazi kwenye lebo ya E-easy, ujumbe mmoja wa kosa ulikuwa unampendekezea mtumiaji aongeze alama ya `&` mahali ambapo ingeleta kosa jingine. Ila faili la majibu la testi alilirekebisha kwa mkono, herufi kwa herufi. Nikamwonyesha `--bless`, inaandika majibu mapya yenyewe. Akafurahi mpaka nikaona nimtie breki: bless haijui kilicho sahihi, inaandika chochote kompaila ilichosema, hata pumba. Ukishabless unasoma diff, yani orodha ya yaliyobadilika, mstari kwa mstari kama umeandika wewe. Tukasoma, na humo ndani tukakuta testi nyingine mbili zimebadilika ambazo hakuzikusudia, pendekezo limepotea mahali ambapo lilikuwa linasaidia. Tukarudi kwenye kodi, sharti lake lilikuwa pana mno. Masaa mawili hivi yakaenda hapo, laptopu yake ina RAM ndogo na kujenga kompaila hata hatua ya kwanza tu feni inalia kama mashine ya kusaga, na huku hatujengi LLVM, ile sehemu inayozalisha kodi ya mashine, tunaipakua ikiwa tayari, bando ndo linalolia badala yake.

Saa 10 rolapu ya pili ikapita. Tisa zimeingia kwa mpigo! Dakika hiyohiyo boti ikaanza kuweka ujumbe kwenye PR za watu wengine kwamba sasa zina mgongano na kodi kuu, kila furaha hapa ina bili yake.

Jioni saa 12 huku, pwani ya magharibi ya Marekani ni saa 2 asubuhi, wakaamka na maswali. Nikajibu machache. Kubwa lilikuja saa 1 usiku: mtu anatumia toleo la kila siku, kompaila yenyewe inapaniki, yani inakufa katikati ya kazi, kwenye programu yake ambayo juzi ilikuwa inajengwa vizuri. Alishatumia cargo-bisect-rustc, inayotafuta badiliko lililoleta balaa kwa kujaribu matoleo kwa kugawa nusu kwa nusu, ikamfikisha kwenye rolapu ya jana yake na hapo ikaishia, haikumwambia ni PR ipi ndani yake. Hii ndo gharama ya rolapu ambayo huioni siku unayoifunga. Nikasoma orodha yake, sita ni maelezo na testi, moja imegusa jinsi kompaila inavyolinganisha traiti, yani tabia ambazo aina ya data inaahidi kuwa nazo, na kilichopaniki ni hukohuko. Nikaijaribu programu bila hilo badiliko, ikajengeka.

Nikafungua PR ya kulirudisha nyuma. Mwandishi wake akatokea, mtu ninayemheshimu, anasema asubiriwe, ni mstari mmoja tu anarekebisha usiku huu. Namwamini. Ila mstari mmoja wa usiku unahitaji mtu wa kuupitia, na toleo jipya la kila siku linaanza kujengwa saa 9 usiku kwa saa za huku, na kuna watu vipimo vyao vyote vinategemea toleo hilo. Kurudisha nyuma tunajua inatupeleka wapi kwa sababu juzi tulikuwa hapo. Mwenzangu mmoja wa Ulaya akaidhinisha, nikaipa p=10; inayopimwa itaisha saa 4, hii itaisha kama saa 7, inawahi.

Mwandishi akaandika kwamba sawa lakini hakubaliani. Nikamjibu haina shida kutokukubaliana, ukituma tena weka na programu ya yule mtu kama testi, nitag mimi niipitie, na lebo nitaiweka never.