Mkaratusi uliolalia mwembe wa jirani

Hii ilikua Igombe, kando ya ziwa kule Mwanza, kwa baba mdogo, juu kidogo ya mwalo wanapotia nanga wavuvi. Kulikua na mkaratusi umekauka kitambo ila umesimama tu, usiku mmoja ukaja upepo wa ziwani na mvua, asubuhi tunaamka tunakuta umekatikia chini kabisa lakini haujafika ardhini, kilele kimenasa kwenye mwembe wa jirani na shina limekita kwenye udongo.

Watu wakajaa. Huyu anasema mtu apande akate matawi, mwingine kashaleta chensoo anataka aukate mwembe ili vyote vishuke pamoja. Baba mdogo amepasua mbao miaka kule msitu wa Buhindi, sijawahi kumsikia akifoka vile. "Hakuna kuingia chini ya huo mti, na watoto watoeni hapa!" Akatueleza, ukikata mwembe hujui upi utatangulia na wewe ndo uko chini yake, ukilipunguza shina kipande kipande mti unashuka miguuni kwako halafu unageukia popote, na mti mkavu hauna hodi, mbichi walau unalia kwanza.

Tukasubiri upepo utulie, karibu saa sita mchana. Wavuvi wakaleta kamba zao nene za manila wakaziunga mpaka ikawa ndefu kuupita mti wenyewe kwa mbali sana. Baba mdogo alienda kufunga yeye peke yake, akaingilia ubavuni, na akaniweka mimi mbali nikodolee kilele tu, kikitikisika nipige kelele. Moyo ulikua unanidunda jamani, yule ndo aliyenilea.

Kamba ikavutwa kwa nyuma, kulitoa shina mbali na mwembe. Marufuku kuizungushia mkononi, marufuku kuiruka. Wanavuta kama wanapandisha mtumbwi, shina likisogea kidogo anawasimamisha, anaangalia juu, vuta tena. Mara kilele kikachomoka, mti wote ukashuka kwa kishindo ukavunjika vipande, na hakuna aliyekua karibu.

Vijana wakakimbilia kuni, akawarudisha. Juu ya mwembe kulikua kumebaki tawi kavu limening'inia ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Akafunga jiwe kwenye kamba nyembamba, akalirusha akiwa mbali pembeni, likapita juu ya tawi, tukalivuta likadondoka palepale walipotaka kusimama na mapanga. Hapo ndo akasema haya, kachukueni kuni, na mama mwenye mwembe apewe za kwanza.