Chupa na Sindano

Juni 2017 wauguzi wa hospitali za serikali walikuwa wamegoma, na tumbo langu limetimiza miezi tisa. Ile huduma ya kujifungua bila malipo iliyotangazwa 2013 ilikuwepo, ila wa kuitoa hawakuwepo. Tukachangishana pesa, nikapelekwa hospitali ndogo ya kibinafsi ng'ambo ya pili ya Nakuru, enzi hizo bado mji, ujiji ulikuja 2021. Nyanya ndiye aliyepanda nami tuktuk kutoka Bondeni, thermos ya uji mapajani, akimkemea dereva kwa kila shimo.

Watu wakisikia nyanya alikuwa mkunga wa mtaani hudhani alinishawishi nizalie nyumbani. Wapi! Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, kwa hesabu yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyekataa katakata. Aliwahi kumshika mama aliyevuja damu mpaka godoro likakosa pahali pakavu. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuwasindikiza wajawazito hadi hospitalini. "Mikono yangu haizuii damu," alikuwa akisema.

Mlangoni akazuiwa. Jamaa wasubiri nje.

Saa nne asubuhi njia ilikuwa imefunguka sentimita nne. Saa nane mchana, tano. Nilikuwa natembeatembea, na uchungu ukinijia napiga magoti, nashika kingo za kitanda. Hapo mgongo unapata nafuu kidogo. Akaja sista mmoja wa makamo, saa imebanwa kifuani kichwa chini, akaniambia nipande nilale chali. Nikamwambia nikipiga magoti naweza kuvumilia.

"Mama, hapa si kwa nyanyako."

Akaniwekea tumboni kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, baridi kama sufuria iliyolala nje, akainamisha sikio, akaandika kwenye karatasi. Kisha akatundika chupa ya dripu kwenye msumari wa dirisha, kwani stendi ilikuwa kwa mama mwingine, akatia dawa ndani yake, akanitoboa mkono.

"Sista, hiyo ni ya nini?"

"Ya kukusaidia."

Hadi hapo uchungu wangu ulikuwa unabisha hodi. Unaingia, unakaa, unaaga. Baada ya ile chupa ulivunja mlango na kuhamia ndani. Mmoja haujaisha, mwingine uko juu yake. Nikalala chali kama nilivyoambiwa, macho kwenye matone, kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama. Sista naye alikuwa akiyatazama. Kila baada ya muda alirudi, akashika saa yake ya kifuani, akahesabu matone huku midomo ikicheza, akapunguza kidogo kwa kile kigurudumu cha mpira, akasikiliza tena moyo wa mtoto. Baadaye nilikuja kuelewa alichokuwa akilinda: pasipo mashine ya kupimia, dawa ile ikishuka kwa kasi mji wa mimba haupati nafasi ya kulegea, na mtoto hukosa hewa. Kazi yake aliijua, tena aliijua vizuri. Hilo linanizuia kumchukia, na hilohilo ndilo linaloniudhi. Mtu anajua yote hayo, na mimi mwenye tumbo ananipa maneno mawili!

Kosa langu lilikuwa kwenye karatasi. Mchoro wa leba una mstari wa mshazari: sentimita moja kila saa, ukichelewa unauvuka. Mimi nilikuwa nimeuvuka. Februari 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likisema kipimo hicho ni cha kasi mno kwa baadhi ya wanawake, na kwamba kabla ya sentimita tano njia inaweza kufunguka polepole bila kuharakishwa, mradi mama na mtoto wako salama. Binti yangu alikuwa na miezi minane, anaota meno.

Zamu ilibadilika jioni, akaingia msichana mwembamba ambaye hata jina sikulishika. Ndiye aliyempokea mtoto. Kabla sijamaliza kushangaa kilio akasema, "Mama, nataka kukudunga pajani. Ni ya kukaza mji wa mimba usivuje damu nyingi. Nidunge?"

Nikasema dunga. Sentensi yake yote iliisha akiwa bado anavunja shingo ya kichupa.

Miaka kadhaa ilipita ndipo nikajua kwamba ile ya dripu na ile ya pajani ilikuwa dawa moja: oksitosini. Mmarekani aitwaye Vincent du Vigneaud aliiunda maabarani, akapewa Tuzo ya Nobel 1955. Nyanya angemwongezea mbuzi.

Usiku wakamruhusu aingie. Hakumtazama mtoto kwanza. Aliinua shuka, akakagua.

"Damu je?"

"Wamenidunga sindano pajani, ya kuzuia."

Akashusha pumzi ndefu, akafungua thermos. Uji ulikuwa umepoa nusu. Alipokuwa akinipa kikombe akaiona plasta mgongoni mwa mkono wangu.

"Na hapa?"

"Dripu."

"Ya nini?"

Nikanywa uji kwanza.

"Ya kunisaidia," nikamwambia.