Namna ninavyotenga fungu la kumi kwenye biashara ya unga

Nauza unga wa muhogo sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Wamama wenzangu wa meza za jirani huniuliza: mtu anayeishi kwa pesa ya leo anatoaje fungu la kumi, yaani sehemu moja ya kumi ya mapato kwa Mungu, bila kula mtaji?

Mimi nafuata 1 Wakorintho 16:2. Paulo aliwaagiza waumini wa Korintho kila mmoja aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kutafutwa yeye akishafika.

Basi kila jioni nahesabu. Nikiuza kwa faranga 50 000, elfu 40 ni ya gunia lijalo, mbebaji na ushuru wa soko. Faida ni elfu 10. Hapo natoa elfu moja na kuitia kwenye kopo la maziwa ya unga nililotoboa kifuniko. Kopo linakaa nyumbani, maana sokoni wadai ni wengi. Siku isiyo na faida siweki kitu ndani yake, na nalala kwa amani.

Sehemu kubwa naipeleka kanisani. Nyingine nawawekea wajane na yatima, kwa sababu Kumbukumbu la Torati 14:29 inawataja pamoja na Mlawi, mtu wa kabila la Lawi lililotumika katika ibada.

Mei 2023, mafuriko yalipoangamiza Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, watu zaidi ya 400 walikufa. Kanisani tulikusanya maharage, sabuni, sufuria. Mama mmoja mjane alileta kitenge kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, akakiweka juu ya rundo bila kusema neno. Mimi nilifungua kopo siku hiyohiyo, sikuhitaji kumkopa mtu. Enzi za Paulo, makanisa ya Makedonia nayo yaliwachangia hivyo maskini wa Yerusalemu, yakiwa yenyewe katika umaskini mkubwa.

Ndiyo maana yale mahubiri ya "panda dola uvune mia" yananiuma. Paulo hasemi popote kwamba Wamakedonia walitajirika baada ya mchango ule. Anasema walijitoa kwanza kwa Bwana. Kumwahidi faida mama mwenye njaa ili afungue kitambaa alichofungia pesa yake ni kumnyang'anya.

Septemba, minervali (karo) ya watoto wa sekondari ikidaiwa, wateja wananunua kidogo na faida inapungua. Hapo fungu linakuwa dogo, nami nalipeleka lilivyo.