Monkey imekubali kukaa slow (wiki ya sita)

Jana saa kumi na moja jioni, uwani kwetu Tudor, Mombasa, Monkey, kipikipiki changu cha Honda, imekaa slow (inanguruma polepole yenyewe) dakika nane bila mimi kushika moto, yaani akseleta. Dakika nane wallahi! Nilikuwa nimechuchumaa pale na saa ya simu mkononi, naogopa hata kuigusa. Wiki sita hii kitu inanizimikia, kwa hivo naandika yote kabla sijasahau.

Hali yake kwa ufupi: Honda Z50 ya miaka ya 70, cc 49, magurudumu ya inchi 8, umeme wa volti 6, mjomba alinishushia kutoka Nairobi. Na ugonjwa wake ni mmoja tu. Ukivuta choki (inayobana hewa ili mafuta yazidi), kiki moja inawaka, ukirudisha choki inakufa. Ukiishikia moto nusu inaenda vizuri kabisa, ukiachia slow inapanda yenyewe kama inataka kuondoka halafu ghafla inashuka, inazima. Ukiachia moto kwenye mteremko inapiga baruti kwa ekzosi, na plagi ukiitoa ni nyeupe pe.

Plagi nyeupe ni hewa nyingi mafuta kidogo, hapo sikuwa na shaka. Lakini hewa yenyewe yatoka wapi?

Kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, nimeifungua mara nne. Jeti ya slow, kile kitundu kidogo cha brasi kinachopitisha mafuta, nimeipitisha uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa taa (kuna fundi aliniambia nitumie sindano ya chuma, jamani msifanye hivo, brasi ni laini, ukilikwaruza lile tundu limepanuka na halirudi), nikapuliza kwa upepo wa mtu wa pancha, nikaielekeza juani naona mwanga upande wa pili. Skrubu ya hewa nikaifunga yote nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, nikajaribu miwili, nikajaribu nusu, wapi. Ila nikiifunga kabisa ilikuwa inachelewa kidogo kufa, na hiyo ilikuwa dalili, sikuisikiliza.

Bas nikasema ni ya Nairobi hii. Kule juu karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, huku kwetu ni nzito, kabureta iliyowekewa jeti ndogo kule ikishuka pwani lazima ikose mafuta. Ni kweli kabisa, na ukweli huo ndo ulinipotezea wiki mbili. Nikazunguka maduka ya spea kutoka Mwembe Tayari mpaka Kongowea hadi nikapata jeti kubwa (ile ya mwendo) iliyozidi namba moja. Moto wote ukawa mtamu, inavuta, haikohoi, lakini slow vile vile, manake slaidi, kile kizibo kinachopanda ukivuta moto, ikiwa imefungwa jeti kubwa haina kazi, slow ina njia yake. Nilikuwa nalijua hilo na bado nilitaka sana iwe jeti.

Iliyoniokoa ni chupa ya dada ya kunyunyizia maji nguo za pasi. Injini ikiwa inanguruma nikapuliza kidogo pale kabureta inapokutana na manifoldi, bomba la kuingilia injini, slow ikabadilika hapo hapo. Nikarudia mara tano, mara zote tano hivo hivo. Ilikuwa inavuta hewa kwenye flanji, ule uso wa kabureta unaofungwa kwa bolti!

Nikaitoa nikaiweka juu ya kipande cha kioo. Masikio mawili ya bolti yanagusa, katikati mwanga unapita. Kuna mtu zamani alikaza akakaza mpaka akaipinda, na oringi, mpira wa duara wa kuziba hewa, imelala bapa haishiki kitu. Nilikasirika sana, miaka yote hii chuma kilikuwa kizima kabla ya huo mkono. Nikagundisha msasa 400 juu ya kioo, maji na sabuni kidogo, nikaichora flanji kwa kalamu ya wino nikasugua kwa duara la nane, polepole, saa nzima, mpaka wino ukafutika wote. Hapo usipitilize, mfereji wa oringi ukiisha umeiua kabureta. Kile kipande cheusi cha kuzuia joto nacho nikakisugua pande zote mbili. Oringi mpya, bolti kwa zamu, kushoto kidogo kulia kidogo, spana fupi ya vidole viwili. Kiki ya pili ikawaka, nikarudisha choki, ikabaki.

Halafu bisibisi. Skrubu za kabureta hizi ni nyota ya Kijapani, nyingi zina kitone kidogo kichwani, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini, inaruka inakula kichwa. Mbili nilizikuta zimeliwa hivo. Nimenunua ya Kijapani yenyewe, bei imeniuma, lakini inashika hadi raha, singefungua kabureta mara nne bila hiyo.

Leo nilipanga nianze waya za taa. Sijagusa hata moja. Asubuhi nimekuta tone la petroli chini ya kabureta, nikawaza pengine floti, kile kielea kinachofunga mafuta yakijaa, imekaa juu mno, nikakimbia duka la dawa nikanunua mpira wa dripu. Nataka niuchomeke kwenye tundu la kumwagia bakuli la mafuta la kabureta, niusimamishe ubavuni mwa kabureta nione mafuta yanasimama wapi humo ndani. Mpira ninao hapa mezani, nasubiri tu jua lipungue.