Chuo kina tabia yake, na mimi sikuiuliza

Mdogo wangu amekubaliwa vyuo viwili, na juzi usiku kanipigia anauliza, dada, ungekuwa wewe ungeenda kipi? Nikamwambia nipe siku moja. Afu nikakaa macho mpaka saa nane, maana jibu lililonijia haraka ni lilelile nililopewa mimi enzi zile, nenda kwenye jina kubwa, na hilo jibu najua lilinifikisha wapi.

Chuo changu cha kwanza nilikichagua kwa jina. Kozi nzuri, maabara nzuri, nyumbani kila mtu kafurahi. Semista ya kwanza, wiki ya mitihani, usiku wa manane maswali yakadondoka kwenye grupu letu la WhatsApp, na hakuna aliyeshtuka, watu waliuliza tu majibu yako wapi. Nikazima simu. Nikafanya mtihani kwa kile nilichosoma, nikapata C, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akapata A, na wala hakunicheka, alinionea huruma, yaani kama vile mimi ndo sijaelewa maisha yanavyokwenda, na ile huruma iliniuma kuliko ile C. Semista ya pili maswali yalipodondoka tena nilifungua. Imenichukua muda kuiandika hii sentensi. Nilifungua, nikasoma yote, nikafaulu, na siku ya matokeo nikakaa kitandani nikashindwa hata kumpigia mama.

Nilikuwa naamini maadili unayabeba mwenyewe, popote ukiwekwa unabaki vilevile. Sikuamini kwamba ukiishi na watu miaka mitatu minne, mnasoma pamoja, mnaumwa pamoja, kile wanachokiona cha kawaida kinakuingia taratibu na wewe bila mtu yeyote kukulazimisha. Mwaka wa pili nikahama. Nilipoteza mwaka mzima na sijutii hata siku moja ya huo mwaka.

Ndo maana juzi usiku nilianza kusoma kuhusu vyuo ambavyo vimeamua waziwazi vinataka kuishi vipi. Sio kwamba mdogo wangu anaenda huko, nilitaka tu kuona kama tabia ya chuo ni bahati au kuna watu wanaijenga. Kuna Haverford kule Marekani, wanafunzi wanafanya mitihani ya mwisho bila msimamizi na wanajipangia wenyewe wakati wa kuifanya, na ile kanuni ya uaminifu inayowaongoza wanakusanyika kila mwaka kuipigia kura upya. Hii imenikaa kichwani sana. Kumbe hata uaminifu wa watu wazima unahitaji kukaa chini na kuulizana kila mwaka, jamani, bado tunaitaka hii? Kingine ni Berea, hukohuko Marekani, kilianzishwa 1855, hakitozi ada ya masomo na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, kwa hiyo yule unayemkuta anafagia korido ni mwenzako wa darasani, na kesho zamu yako. Na Deep Springs, kidogo kabisa, kiko jangwani California tangu 1917, wanafunzi wasiofika hata 30, wanachunga ng'ombe, wanapika, na wanakaa kwenye kamati za kuchagua wanafunzi wapya.

Ila kinachomfaa mmoja kinamkaba mwingine, na hapa ndo watu wengi wanakosea wakidhani kuna chuo chenye maadili na chuo kisicho na maadili. Brigham Young kwa mfano, chuo cha kanisa la Wamormoni hukohuko Marekani, kinakataza pombe, sigara, mpaka kahawa. Kuna mtu akisikia hivyo anapumua, anasema hatimaye nitaishi bila kujieleza kwa mtu. Mwingine atakosa hewa. Na wote wawili wako sawa kabisa, shida inaanza pale mtu anapoenda kwa sababu ya jina au kwa sababu shangazi kasema, afu anatumia miaka minne kuigiza.

Asubuhi nikamtumia voisi ndefu. Nikamwambia mdogo wangu, vyuo vyote viwili viko ndani ya uwezo wetu na kozi ni ileile, kwa hiyo nenda ukatembee, na usiende siku ya wageni maana siku hiyo kila chuo kimevaa nguo ya sikukuu. Nenda siku ya kawaida, ikiwezekana karibu na mitihani. Kaa maktaba mpaka inafungwa. Angalia wanavyoongea na mlinzi na wanaofanya usafi. Soma matangazo ukutani, yale yaliyobandikwa na wanafunzi wenyewe, utajua wanahangaikia nini. Na muulize mtu wa mwaka wa kwanza maswali mawili, ukifeli hapa wenzako wanakuchukuliaje, na mtihani ukivuja watu wanafanya nini. Ukishauliza nyamaza, angalia uso wake kabla hajajibu.

Leo kanipigia akiwa bado getini pa kile chuo cha pili, kile ambacho hakina jina. Anasema alimuuliza dada mmoja aliyekuwa anasoma kwenye ngazi. Yule dada akafunga daftari akamwambia, mwaka huu ulivuja mmoja, aliyeupata akaenda kusema, tukarudia wote, tulikasirika kama wiki nzima.

Nikamuuliza, sasa yule aliyesema walimfanyaje?

Akasema, dada, nilimuuliza hivyohivyo, akaniambia ni mimi, na hawa waliokaa hapa ngazini ndo grupu langu la diskasheni.

Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa, na chuo cha kwanza bado hajakitembelea, anaenda kesho.