Mwonyesheni daktari video

Jamani, mkienda kwa daktari wa watoto msiishie kusema "anakohoa." Mwanangu usiku kifua kinambana, asubuhi tukifika kliniki anakimbizana na wenzake, utadhani nimemsingizia! Safari hii nikamrekodi kwa simu akiwa amelala. Daktari akaitazama, akairudia, akaniuliza tangu lini, kisha akanifundisha kuhesabu pumzi: mtoto awe ametulia, fulana ipandishwe, uhesabu dakika nzima. Wa mwaka 1 hadi 5 zikifika 40, au ukiona mbavu zinabonyea ndani akivuta hewa, usingoje kuche, mpeleke hospitali. Na dozi ya panadol aliipigia hesabu kwa kilo za mtoto, siyo kwa kukisia kijiko. Bibi yake bado anashikilia kuwa ni baridi ya sakafu.