Nilivyopima kwenda Ujerumani au kubaki Moshi, mimi nesi

Tusidanganyane, manesi wengi wa Moshi niliofanya nao kazi wanawaza Ujerumani. Kwenye zamu ya usiku ndo stori, kwenye vikoba ndo stori, hata nje ya kanisa baada ya ibada utasikia fulani yuko B1, yaani ngazi ya katikati ya Kijerumani, fulani kapata viza. Mimi nina diploma ya uuguzi na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, nafanya kazi hospitali ya mtu binafsi, nikikatwa vya kukatwa nashika laki 5 na kidogo, nimeolewa, watoto wawili, tumepanga Majengo. Naandika hivi kwa sababu nilipokuwa natafuta wa kunielewesha nilikutana na watu wa aina mbili tu, yule wa "toka huko bongo hakuna maisha" na yule wa "utaenda kuogesha vizee vya watu", na wote hakuna aliyenipa namba hata moja.

Kwahiyo nikaacha kuuliza kama Ulaya kuna maisha mazuri. Nikaanza kuuliza mwisho wa mwezi mtu anabaki na shilingi ngapi mkononi. Kuna shoga yangu tulisoma chuo kimoja, yuko mji mdogo karibu na Stuttgart, nikamwambia mwenzangu picha za theluji nimeshaziona, naomba nitumie slipu ya mshahara. Akasita kidogo alafu akatuma, jina kalifunika na kidole. Juu imeandikwa 2,800 na kitu euro, maana bado anasubiri cheti chake kitambuliwe so analipwa kama msaidizi, na kima cha chini cha wasaidizi wa uuguzi kule kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa, nesi kamili 20.50. Chini yake sasa mistari ya makato: kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, na bima ya kuja kutunzwa ukizeeka. Inabaki 1,900 na kidogo.

Tukakaa kwenye simu mpaka bando likakata tukijumlisha. Chumba na hita 560. Tikiti ya mwezi ya treni na basi 58, hiyo bei ya 2025. Chakula 250 na hapo anapika mwenyewe. Simu. Ada ya redio na televisheni 18.36 kila mwezi ambayo kila nyumba inalipa hata kama hamna tivii, hii ilinishangaza sana. Deni alilokopa kusoma lugha na kununua tiketi anapunguza 200, nyumbani anatuma 300. Anabaki na kama euro 500, tufanye milioni moja na laki nne za kwetu. Mimi hapa ikifika tarehe 20 sina kitu, na mara nyingi nadaiwa dukani. Siwezi kujifanya hiyo tofauti ni ndogo.

Ila nilimuuliza na kitu kingine, hiyo 500 ingekuwa ngapi kama watoto wangekuwa naye? Akanyamaza kwanza. Akaniambia mdogo wangu, hapo chumba hakitoshi, ili familia ikufuate lazima uonyeshe kipato cha kuwatunza, na nyumba ya familia kule kwao ni zaidi ya mara mbili ya chumba chake. Yaani hiyo hela nzuri tunayoitamani ni hela ya mtu anayeishi peke yake. Hilo nikaliandika kwenye daftari na kalamu nyekundu.

Alafu kazi yenyewe. Hapa kwetu nesi unaweka kanula, unachoma sindano, unagawa dawa, unaandika faili, lakini kumuogesha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha mashuka, mara nyingi ni ndugu yake aliyekuja na chupa ya uji na beseni. Kule ndugu hayupo, hiyo yote ni kazi ya nesi, na sehemu nyingi kanula anaweka daktari. Shoga yangu anasema mwezi wa kwanza alijiona kashushwa cheo, saa hizi anasema amejifunza kumtazama mgonjwa ngozi yake nzima, kidonda cha mgongoni anakiona kabla hakijaanza. Mimi hilo halikunitisha. Mama yangu mkwe alipopooza nilimuogesha mwenyewe mpaka anafariki, kazi ya mikono naijua na naiheshimu, wanaoisema vibaya wananikera.

Ikaja habari ya dalali. Kuna ofisi moja Arusha, ghorofani, ina bendera na kiyoyozi, walikuwa wanataka milioni 4 za kufungua faili kabla ya lolote. Nikamuuliza yule kaka, mwajiri ni nani, uko mji gani, mkataba nauona lini. Akanijibu "dada, kwani wewe unataka kwenda au hutaki?" Nikaaga vizuri nikapanda basi nikarudi Moshi. Nilishakuwa nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania imo, na Ujerumani kwa sheria yao nchi za kwenye orodha hiyo kampuni binafsi haziruhusiwi kuja kutafuta manesi, kazi hiyo ni ya wakala wa ajira wa serikali yao tu. Lakini wewe mwenyewe kama wewe hujakatazwa kuomba kazi moja kwa moja. Na serikali yao ina tovuti inaitwa Make it in Germany, imeeleza hatua zote, bure. Jamani watu wanauza ng'ombe kwa kitu ambacho kiko wazi kwenye simu.

Hesabu ya hela iliisha mapema kuliko hesabu ya nyumbani, na hapa ndo nilikaa muda mrefu. Baba watoto ni guide wa mlima Kilimanjaro. Akipanda kwa njia ya Machame hana chini ya siku 6 au 7 huko juu, na msimu ukichanganya, Juni mpaka Oktoba alafu tena Desemba, anashuka leo keshokutwa kapanda. Sasa mimi nikiwa Ujerumani na yeye yuko kambi ya Barafu huko juu na wageni, nani anamsainia mtoto homework, nani anampeleka hospitali usiku? Mama yangu yuko Kibosho, ana presha, kliniki yake ya kila mwezi mimi ndo namshusha. Nilipomwambia akasema "mwanangu nenda, mimi Mungu yupo", na mimi najua mama zetu wakisema hivo wanamaanisha wasikuwekee mzigo, haimaanishi dawa zitajileta.

Kwahiyo nikaita kikao, kabisa. Mama, dada yangu, kaka anayekaa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo wetu, baba watoto. Nikaweka daftari mezani. Dada akakubali kliniki ya mama iwe yake na nauli nitatuma mimi. Wifi yangu atahamia kwetu akae na watoto, tutamlipa kila mwezi, hatakaa bure kama mtoto wa kutumwa, hilo nililisema mbele yake. Baba watoto akasema atapunguza milima achukue safari fupi za Marangu na maporomoko ya Materuni, kipato kitashuka na tukaandika kitashuka kiasi gani. Kaka akauliza la uraia. Nikamwambia Tanzania hairuhusu uraia pacha, nikichukua pasi yao naacha ya kwetu, na asiye raia kumiliki ardhi hapa ni shughuli, so pasi yao siitaki, nesi aliyetambuliwa anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka 3 na kinanitosha. Akaridhika, maana yeye hofu yake ilikuwa kihamba.

Uamuzi ni kwamba naenda, ila kwa masharti tuliyoyaandika. Sikopi kikoba, siuzi kitu. Lugha nafikisha B2, ngazi inayofuata baada ya B1, nikiwa hapa hapa na kazi yangu mkononi, kwa sababu bila B2 cheti hakitambuliwi na ukienda nayo nusu utakaa kwenye mshahara wa msaidizi huku umri unaenda. Sipandi ndege bila mkataba wenye jina la mwajiri na maelezo ya nani analipia mafunzo ya kutambuliwa. Mtoto wa kwanza akiingia form one kabla sijapata B2, tunafunga hilo daftari na hela naipeleka kwenye digrii ya uuguzi hapo KCMC, na kusema kweli hiyo nayo ni njia nzuri, siioni kama ya walioshindwa.

Saa hizi niko B1. Nasoma mtandaoni watoto wakilala, vitenzi vyao vinakaa mwisho wa sentensi mpaka unasahau ulianza kusema nini. Mtihani ukifika nitaufanyia Dar kwa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani. Nimetuma barua mwenyewe kwa hospitali kadhaa, wengi kimya, moja wamejibu kwamba vyeti vyangu wameviona na nikiwa na B2 wanifanyie intavyu kwa video. Wifi ameshahamisha vitu vyake kwetu toka mwezi uliopita ili watoto wamzoee mimi nikiwa bado nipo.